Picha za Mguu wa Kulia

Vijana wangu, mmeniomba kurasa chache juu ya maabara yetu ya mwendo ilivyokuwa zamani, na yule mliyemtuma nyumbani kwangu Buyenzi akaongeza mlangoni, "Mwalimu, utie na ya kuchekesha." Nimesikia. Ya kuchekesha nitayatanguliza, maana mbele hayapo. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kutazama watu wakitembea, wakikimbia, wakiruka na kuanguka, na kuandika mwili unavyofanya. Hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba kwa kazi hiyohiyo nilisababisha kijana mmoja auawe, kijana niliyempenda, na hiyo ndiyo habari niliyokubali kuiandika. Anayetaka vicheko peke yake aishie ukurasa wa kwanza.

Vifaa, basi. Ninyi mnatoa simu mfukoni, mnamrekodi mkimbiaji, na kabla hajamaliza kuhema mashine imeshawachorea pembe za magoti. Sisi tulikuwa na kamera moja ya kaseti, televisheni moja, na deki yenye kitufe cha kusimamisha picha. Picha ikisimama ilitetemeka. Tulibandika karatasi ya plastiki juu ya kioo cha televisheni, kisha kwa kalamu ya wino mzito tukatia nukta begani, nyongani, gotini, kwenye kifundo cha mguu, tukaunganisha nukta kwa rula. Halafu picha inayofuata. Sekunde moja ya mtu kukimbia ni picha ishirini na tano, na picha moja ilikula dakika kumi, umeme ukikubali. Ukiona mzee wenu anavaa miwani minene hivi, msidhani ni kusoma vitabu.

Ili nukta zionekane tulimbandika mkimbiaji plasta nyeupe. Sasa, joto la Bujumbura mnalijua. Mtu akizunguka uwanja mara mbili, jasho linaikokota plasta ya goti mpaka katikati ya muundi. Mwaka wangu wa kwanza nilichora mkimbiaji wa namna hiyo usiku na mchana, nikapiga hesabu, nikapeleka karatasi kwa mkuu wa maabara nikiwa nimechomekea shati. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Shabani, uyu mutu iko na magoti ngapi?"

Mkuu huyo alikuwa Mwalimu Ananie. Mtu mfupi, mpole, aliyesomea Ulaya na kurudi na sanduku la vitabu na goti bovu la kulia. Kila ninachokijua kilichosimama wima, nilikipata kwake. Kuna mara tuliletewa golikipa aliyechechemea, timu yake ikidai ana mguu mmoja mfupi. Nilimpima miguu kwa futi ya kamba siku tatu, nikamrekodi, nikamchora, nikaandika kurasa nne za kusema nyonga yake ni dhaifu. Ananie alizisoma zote, maana alikuwa na adabu, halafu akamwambia golikipa avue viatu. Alikuwa amevinunua kwenye rundo la mitumba. Kimoja namba arobaini na moja, kingine arobaini na tatu, na ndani ya kile kikubwa amesokomeza gazeti. Ananie akaniambia, "Mbele ya kusema ni mguu, uliza kiatu. Uliza udongo. Uliza kama amekula. Uliza amebeba nini." Niliyaandika daftarini. Nilikuwa hodari sana wa kuandika daftarini.

Na sasa Evariste. Alikuwa mkimbiaji wetu wa mita mia nane, kijana wa Musaga, mtoto pekee wa mama muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Utotoni alianguka kutoka juu ya lori, na nyonga yake ya kushoto ikapona vibaya. Misuli ya ubavuni inayotakiwa kushika kiuno kisiporomoke ilikuwa imelegea, kwa hiyo kila alipokanyaga mguu wa kushoto kiwiliwili chote kililalia kushoto, kisha akikanyaga wa kulia kinanyooka tena. Watu uwanjani walimcheka mpaka awapite. Mimi na Ananie tulihangaika na nyonga ile miaka miwili. Tulimlaza ubavu akainua mguu, tukamfunga mpira wa ndani wa baiskeli vifundoni akatembea upande kama kaa, ukutani kwenda na kurudi, mpaka analia. Kulala kule kulipungua, hakukuisha. Ningeweza kumtambua Evariste kwa mgongo wake tu, akiwa upande wa pili wa uwanja, na nilijisifu kwa hilo mbele ya kila mgeni.

Kisha vita. Sitaandika humu nani alikuwa kabila gani. Mnaotaka kujua mtauliza kwingine, na mkishajua hamtakuwa mmejua chochote. Nitasema tu kwamba mitaa iligawanyika, huu ukawa wa hawa, ule wa wale, na mtu aliyevuka mji kwenda kazini alivuka vizuizi vya vijana wenye kamba na magogo ambao hawakuwa na sare. Chuo chetu kiko kaskazini, karibu na Kigobe. Musaga iko kusini. Evariste akaacha kuja mazoezini. Watu wakasema ameonekana na vijana wa vizuizi huko kwao. Nani alisema? Watu. Siku zile kutoonekana kwa mtu kulitosha kuwa ushahidi, na mimi sikuwa bora kuliko wengine.

Mwaka wa tatu wa vita, alasiri moja, Ananie alilalamika goti. Wanafunzi walikuwa wachache, uwanja mtupu. Akaniambia, "Niko naumwa hii goti, Shabani. Niweke mu filme, nione kama inaingia ndani." Nikampandisha suruali, nikambandika plasta, nikaweka kamera dirishani kwenye ncha ya njia ya kukimbilia, ili nimwone kwa mbele na kwa nyuma. Alitembea kwenda, akatembea kurudi. Alikuwa anakwenda mara ya pili, ananipa mgongo, wanaume watatu walipoingia kwa mlango wa upande. Walivaa makoti marefu ya mvua na mvua haikuwepo. Vichwa walivifunga vitambaa. Wawili walimshika mikono, wa tatu akafuata nyuma, na wakatembea naye moja kwa moja mpaka lango la mbali. Hawakukimbia. Ananie hakupiga kelele. Suruali yake ilikuwa bado imepandishwa.

Sikutoka. Nilichuchumaa chini ya dirisha, mikono kichwani, na kaseti ndani ya kamera juu yangu ikaendelea kuzunguka. Nimezeeka na sijapata namna ya kulisema hili likawa zuri. Nilikuwa na miaka arobaini, nina nguvu, na nilimwacha aende peke yake.

Mwili wake ulipatikana siku ya pili, kando ya mto Ntahangwa. Tulizika harakaharaka, watu kumi hivi, kila mmoja akitazama njia ya kurudi nyumbani. Sina haja ya kwenda msikitini wala kwa polisi, nilijiambia, mimi nina kaseti. Nilijifungia maabarani siku tatu. Nilitaka kufanya kitu kimoja kwa ajili yake, kitu ninachokijua, ili ile dakika ya kuchuchumaa ifutike.

Kwenye kaseti walionekana kwa nyuma. Makoti yalificha nyonga na magoti, lakini mabega yalionekana, na mlingoti wa bendera ulisimama katikati ya picha, kwa hiyo nilikuwa na mstari wima wa kupimia. Niliwatazama mara ya kwanza bila kalamu. Aliyefuata nyuma alikanyaga mguu wa kushoto, mabega yakalalia kushoto. Akakanyaga tena, yakalala tena. Nilisimamisha picha. Evariste.

Nikachora. Hatua baada ya hatua, kila alipotua mguu wa kushoto nilisimamisha picha, nikatia nukta mbili za mabega, nikapima pembe kutoka kwenye mlingoti. Halafu nikatoa kaseti ya zamani ya Evariste mazoezini, nikachora na yeye vilevile, mguu wa kushoto kwa mguu wa kushoto. Nikaweka karatasi moja juu ya nyingine. Mistari ililaliana. Sitawaficha: mbali na uchungu, nilifurahi. Nilifurahi kama fundi aliyepata ubovu wa injini.

Siku ya nne alikuja Cyprien, mdogo wake Ananie. Macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Alikuta karatasi mezani.

"Baba Zuhura," aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu kama kawaida yake, "banasema we ulikuwa hapa. Ni nani?"

"Sikuona sura."

"Sikuulizi sura."

Nilimwonyesha karatasi. Nikamweleza nyonga, pembe, mlingoti, kila kitu, kwa sauti ya darasani. Alisikiliza kama mwanafunzi mzuri. Mwishoni akauliza, "Basi donc, uko sure?"

Nikasema, "Vipimo ndivyo vinasema, si mi."

Alizikunja zile karatasi mbili akazitia ndani ya shati. Sikumwuliza anazipeleka wapi. Nilijua, na msikubali mtu awaambie kwamba mzee Shabani hakujua. Siku ya tano baada ya hapo Evariste alipigwa risasi Musaga, asubuhi, akitoka kuchota maji. Cyprien alivuka mpaka akaenda Kongo na sijapata kusikia habari zake. Mimi nilirudi kazini. Kwa wiki kadhaa nilikula vizuri. Nawaambia hili ili mjue kwamba dhamiri haipigi kengele yenyewe; mtu anaweza kufanya jambo kama hili na akashiba.

Mwisho wa muhula nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi. Msichana mmoja, hodari, alikuwa amemchora mchezaji wa mpira wa kikapu mwenye kifundo kibovu cha kulia. Kazi safi, mistari mizuri, lakini alichora hatua za mguu mbovu peke yake. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika pembeni kwa hasira yangu ya siku zote: *Na mguu wa pili? Utajuaje kwamba mguu huu umeharibika kama hujui ule mzima unafanya nini?*

Kalamu ilibaki hewani. Nilikaa hivyo mpaka wino ukadondoka kwenye kazi ya mtoto wa watu.

Nilifunga mlango, nikaweka kaseti ya Ananie. Nikaanza kuchora picha nilizoziruka, zile za mguu wa kulia. Evariste, mkumbuke, akikanyaga mguu wa kulia alinyooka. Ndiyo ilikuwa alama yake hasa: analala, ananyooka, analala, ananyooka. Mtu wa kwenye kaseti hakunyooka. Alikanyaga kushoto akiwa amelalia kushoto, akakanyaga kulia akiwa amelalia kushoto, kutoka hatua ya kwanza mpaka lango. Mwili hauendi hivyo kwa sababu ya nyonga. Mwili unakwenda hivyo ukiwa na kitu kizito upande wa kulia. Shikeni ndoo ya maji kwa mkono wa kulia, mtembee mbele ya kioo, mtaona. Chini ya koti lile la mvua, kulia, kulikuwa na bunduki. Mtu yeyote mzima katika mji huu, akining'iniza bunduki begani ndani ya koti, angetembea vile. Ananie alinipa swali lenyewe, amebeba nini, na mimi nilitumia kazi aliyonifundisha kumwua kijana wake.

Kisha nikafanya jambo la woga tena: nikafungia kaseti zote mbili kabatini, nikanyamaza. Nilimwambia mke wangu peke yake. Aliniuliza, "Na mamake anajua?" Nikamjibu kwamba vizuizi ni vingi, njia ya Musaga ni mbaya, mambo yakitulia nitakwenda. Aliendelea kuchambua mchele, na tangu siku ile alikuwa ananiuliza kila Ijumaa nikitoka kuswali kama mambo yametulia. Yalitulia mara nyingi. Sikwenda.

Alikuja yule mama mwenyewe. Ilikuwa mwaka uliofuata, saa nne asubuhi, nikiwa peke yangu. Nilimwona akipanda ngazi polepole, mama mnene kidogo, kitenge cha buluu, mkononi kifurushi cha ndagala kwenye gazeti, kama alivyokuwa akitutumia zamani. Nilimpa kiti. Tukasalimiana kwa Kirundi, tukaulizana afya, watoto, akaniombea Mungu anilinde. Harufu ya ndagala ilijaa chumbani.

"Mwalimu," akasema, "sina photo ya mutoto. Nyumba waliichoma, byote bilibakia mule. Lakini alikuwa ananiambia mulikuwa munamuweka mu filme. Iko bado?"

Ilikuwepo. Nilifungua kabati, nikaweka kaseti. Evariste akatokea, fulana nyekundu, plasta nyongani, anacheka na mtu aliye nje ya picha. Akakimbia. Kulala, kunyooka, kulala, kunyooka. Mama aliweka kiganja mdomoni. Hakulia. Baada ya kitambo akaanza kutabasamu, akawa anatikisa kichwa kwa mwendo wa mtoto wake, kidogokidogo, kushoto na katikati.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. Tulimtazama mara tano au sita.

Ningeweza kumwacha aende hivyo. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu ndilo nililolifikiria nikiwa nimeshika kitufe: mama amefurahi, nitampa nakala, atanibariki, ataondoka. Aliinuka, akakunja kitenge chake vizuri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Murakoze, mwalimu, asante. Mulimupenda."

"Mama Evariste, ukae," nikasema. "Ni mi nilitaja jina yake."

Alikaa. Nilimweleza. Sikutumia sauti ya darasani, haikuwepo. Nilimwambia Ananie, makoti, kaseti, karatasi, Cyprien. Nilimwambia nilichora mguu mmoja. Alinitazama muda wote huo bila kuondoa macho, na uso wake haukubadilika, ila mikono iliacha kifurushi na kulala mapajani. Nilipomaliza nilingoja anitukane, au anipige. Nilikuwa nakihitaji kipigo kile.

"Iyo filme ingine," alisema mwishowe. "Ile yenye ulimuona. Niwekee."

"Mama, apana. Iko mbaya."

"Weka."

Niliweka. Ananie akatembea na suruali yake iliyopandishwa, mlango ukafunguka, wakaingia watatu. Nilitazama sakafu. Nilisikia tu deki ikizunguka. Hawakuwa wamefika hata nusu ya njia alipozungumza.

"Si yeye."

"Ndiyo, mama. Najua sasa."

"Si yeye," alisema tena, lakini hakuwa ananijibu. Alikuwa amesogea karibu na kioo, kidole kimemwelekea yule wa nyuma. Hatua tatu, labda nne. Mimi ilinichukua siku tatu kukosea na miezi kupata. Yeye hakuwa na kalamu wala mlingoti. "Hata kiatu. Hata vile anabeba kichwa. Mutoto nimemubeba mugongoni na ile nyonga yake, nimemufundisha kutembea mara mbili."

Picha ilifika mwisho, ikabaki chengachenga za kijivu. Nilizima. Mama Evariste alisimama, akachukua kifurushi chake cha ndagala kutoka mezani, akakirudisha kwapani. Mlangoni aligeuka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Aliniuliza kama mtu anayetaka kuelewa kazi ya mwenzake.

"Mbele ya kupatia ule mutu karatasi, juu ya nini haukuja kuniuliza mi?"

Alishuka ngazi bila kungoja jibu. Kutoka chuoni mpaka Musaga ni saa moja na nusu kwa miguu. Nyumba yao nilikuwa naijua.